Binagoongan: nyama ya nguruwe kwa uduvi wa kuvundikwa, tangu buchani hadi mezani

Mtu aliyelelewa pwani anaijua harufu ya papa mkavu anapoanza kupata moto: kwanza ukali, kisha, ukivumilia, utamu. Harufu ya ukoo huo ndiyo iliyonifikia siku ya kwanza nilipopita mbele ya jiko la meli niliyokuwa nikifanyia kazi. Mpishi wetu alikuwa Mfilipino wa Pampanga, mkoa ulio kaskazini mwa Manila ambao Wafilipino wenyewe wanausifu kwa mapishi. Mabaharia wa Kifilipino wako kwenye meli za kila bendera, na wanapokwenda chupa ya bagoong huenda nao.

Bagoong ni uduvi, au samaki wadogo, waliovundikwa kwa chumvi. Ukilipa neno hilo viambishi viwili vya lugha ya Kitagalogi, -in- katikati na -an mwishoni, unapata binagoongan, yaani kilichotiwa bagoong. Baboy ni nguruwe. Kwa hiyo binagoongang baboy ni nyama ya nguruwe iliyopikwa kwa bagoong, na hilo ndilo pishi tutakalolifuata hapa.

Mara tatu za mwanzo nililiharibu, na kosa lilikuwa moja. Nilimimina bagoong ndani ya maji na nyama, nikachemsha kama mchuzi wowote. Ukatoka mchuzi wa kijivu wenye chumvi kali na harufu ya gatini, nyama ikabaki peke yake humo ndani. Mpishi alinionyesha kwa mwiko, bila maneno mengi: bagoong hukaangwa kwanza, tena ndani ya mafuta ya nguruwe huyo huyo. Ukilishika hilo, kilichobaki ni subira ya saa mbili.

Kuijua bagoong kabla ya kuwasha moto

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ukikosea chupa, hesabu ya chumvi yote inaharibika.

Iko bagoong isda, ya samaki wadogo jamii ya dagaa, ambayo mkoa wa Pangasinan, hasa mji wa Lingayen, una jina nayo. Hiyo ni ya kahawia, ina majimaji, na watu wa Ilocos huitia kwenye mboga za pinakbet. Siyo tunayoitaka. Tunayoitaka ni bagoong alamang, na alamang ni uduvi wetu, wale kamba wadogo mno ambao pwani ya Afrika Mashariki huanikwa juani na kuuzwa kwa kopo.

Alamang nayo huuzwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni mbichi: uduvi na chumvi tu, rangi ya waridi iliyofifia, au nyekundu kabisa ikiwa imetiwa angkak, mchele uliooteshwa ukungu mwekundu ili kuipa rangi. Hii ina chumvi kali sana. Ya pili imekwisha kukaangwa kiwandani kwa kitunguu saumu, sukari na mafuta, huitwa ginisang bagoong, ni ya kahawia iliyokolea na ina utamu kidogo. Barrio Fiesta ni mojawapo ya majina yanayoonekana sana kwenye maduka ya vyakula vya Asia. Soma kibandiko. Kama imeandikwa kuwa imekaangwa, utatumia vijiko vingi zaidi na utapunguza sukari.

Mbichi naipenda kuliko nyingine, kwa sababu kukaangwa kwake ndiko kunakozaa ladha ya pishi hili, na kazi hiyo afadhali ifanyike sufuriani mwako.

Ukikosa zote mbili, yako mambo matatu ya kufanya. Ukipata terasi ya Indonesia, belacan ya Malaysia au kapi ya Thailand, zote ni ndugu za bagoong, ila zimekauka na kukolea zaidi: bomoa kijiko kimoja cha chakula, kiloweke kwenye vijiko vitatu vya maji ya moto, ukitumie badala ya vijiko vitatu vya bagoong mbichi. La pili, uduvi mkavu wa sokoni: chambua mchanga, twanga kikombe kimoja, loweka kwa maji ya moto na kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa robo saa, kisha ukaange kama nitakavyoeleza. Huo haukuvundikwa, kwa hiyo kina cha ladha hakitakuwa kile kile, lakini ni chakula kizuri.

La tatu ni kuivundika mwenyewe. Nunua uduvi mbichi siku ile ile ulipovuliwa. Uoshe kwa maji yenye chumvi, uchuje mpaka usidondoke tena, kisha upime: kila kilo moja ya uduvi ichanganywe na gramu 330 za chumvi, yaani theluthi. Chumvi hiyo usiipunguze kwa kuogopa ukali, maana ndiyo inayozuia vijidudu vya hatari visiote. Shindilia kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa na kukaushwa, funika, weka kivulini pasipo joto kali, na usiiguse kwa muda usiopungua mwezi mmoja. Ikiwa tayari, uduvi umelainika na kutoa majimaji, na harufu ni kali ya bahari. Ukiona ukungu mweusi au wa kijani, au ukinusa yai viza, mwaga yote.

Buchani

Omba nyama ya tumboni, ambayo Wafilipino huiita liempo. Mweleze mwenye bucha vizuri asikupe utumbo: unataka ule ukanda wa nje wa tumbo wenye ngozi, mafuta na nyama nyekundu vilivyopangana kwa matabaka. Kama hakuna, bega (kasim) linafaa, mradi lina mafuta yake. Nyama nyekundu tupu haifai, maana hakutakuwa na mafuta ya kukaangia uduvi.

Iangalie nyama kabla hujalipa. Iwe na muhuri wa mkaguzi. Ukiona vivimbe vyeupe kama punje za mchele katikati ya misuli, hiyo ni balaa: ni tegu akiwa bado mchanga. Usiinunue hata kwa bei ya kutupa.

Vipimo vya watu sita

Nyama ya tumboni yenye ngozi, kilo 1
Maji, vikombe 4 (lita 1)
Bagoong alamang mbichi, vijiko 3 vya chakula. Au ya kukaangwa, vijiko 5
Kitunguu saumu, kichwa 1 kizima, kikatwe vipande vidogo
Kitunguu maji kikubwa 1
Nyanya 4 zilizoiva sana
Siki, robo kikombe
Sukari ya kahawia, kijiko 1 cha chakula
Pilipili manga ya kusaga, nusu kijiko cha chai
Pilipili ndefu za kijani 3, na pilipili kichaa 2 kwa anayetaka moto
Mabiringanya marefu 2, na mafuta ya kuyakaangia

Chumvi haimo kwenye orodha, na isiingie mpaka mwisho kabisa, ukishaonja. Katika miaka yote niliyolipika pishi hili sijawahi kuihitaji.

Kuhusu siki: Ufilipino ina siki nyingi, ya miwa huko Ilocos, ya mnipa (mti jamii ya mnazi) huko Paombong, na ya tuba, ambayo ndiyo tembo letu la mnazi likiachwa lichachuke moja kwa moja. Ukiwa na siki ya tembo, hiyo ndiyo. Ile nyeupe ya dukani inafaa pia, ila ni kavu kidogo kwa ladha, hivyo ongeza sukari nusu kijiko.

Kuchemsha, kisha kuacha maji yakauke

Choma au kwangua nywele zilizobaki kwenye ngozi, osha, kata vipande vya sentimita 3. Vidogo zaidi ya hapo vitasinyaa na kuwa vigumu kwenye kukaanga.

Weka nyama na maji kwenye sufuria pana yenye kitako kizito, karai zito ni bora. Yakichemka toa povu la kijivu lote, punguza moto, funika nusu, acha dakika 40. Pima kwa uma kwenye ngozi, wala si kwenye nyama. Uma ukiingia kwa kusukuma kidogo, imefika. Ukiteleza juu ya ngozi kama juu ya raba, ongeza maji na dakika 15.

Sasa chota kikombe kimoja na nusu cha supu, ukiweke pembeni, kwa maana utakihitaji. Kiasi kilichobaki kiache kikauke bila mfuniko. Utasikia mlio ukibadilika: kwanza mchemko mzito, kisha mtokoto, kisha mchakariko mwembamba. Mlio huo wa tatu ndio mafuta yakianza kutoka kwenye nyama. Tangu hapo geuza mara kwa mara kwa moto wa wastani, dakika 12 hadi 15, mpaka kingo zipate rangi ya dhahabu. Ngozi hurusha mafuta, kwa hiyo funika nusu na usimame mbali kidogo, na watoto wasiwe karibu.

Huna haja ya kuifanya ngumu kama ya kukaanga kwa kutafuna. Rangi tu, halafu itoe na uiweke kwenye sahani.

Kuunga

Acha mafuta ya kama vijiko vitatu sufuriani. Yaliyozidi yamimine kwenye kopo, utayakaangia mayai kesho.

Wafilipino huita hatua hii gisa, neno walilolirithi kwa Wahispania, na ukiiona utacheka kwa kuifahamu: ni kuunga. Kitunguu saumu, kitunguu maji, nyanya, kwa mpangilio huo. Nyanya na pilipili zilifika visiwani humo kutoka Amerika, zama za merikebu za Acapulco na Manila, ambazo zilifanya safari tangu 1565 hadi 1815. Chumvi, siki na uduvi vilikuwapo kabla yao.

Anza na kitunguu saumu kwa moto mdogo mpaka kianze tu kubadilika rangi. Kikiungua kitaleta uchungu na hakuna kitakachoufuta. Tia kitunguu maji, kilainike. Tia nyanya, zipike mpaka zisagike na mafuta yaelee pembeni. Usikimbilie mbele hapa. Nyanya zenye maji zitamnyima uduvi nafasi ya kukaangika.

Bagoong

Sukuma nyanya pembeni, weka bagoong katikati penye mafuta, moto wa wastani. Ikande kwa mwiko isambae, kisha ukoroge vyote pamoja na uendelee kukaanga dakika 4 hadi 5.

Fuata pua yako. Dakika ya kwanza inanuka ufukweni wakati wa bamvua, na jirani anaweza kuuliza. Dakika ya tatu ukali unapungua, na kitu kama kamba wa kuchoma kinaanza kuja. Dakika ya tano ni harufu ya kubanikwa, nzito na tamu, rangi imetoka waridi ikawa kama matofali. Hapo ndipo. Ikiwa inashika chini, tia kijiko kimoja cha supu, ukwangue, uendelee. Bagoong ya chupa iliyokwisha kukaangwa inataka dakika 2 tu, kwa kuwa ina sukari na sukari huungua upesi.

Anayekaa kwenye nyumba ya kupanga yenye majirani wa karibu apike na dirisha wazi, au afanye hatua hii nje kwenye jiko la mkaa. Mkaa unalifaa sana pishi hili.

Siki, ambayo haikorogwi

Rudisha nyama, igeuze dakika 3 ili kila kipande kivae uduvi. Mwaga siki kuzunguka. Kisha weka mwiko chini.

Kila mpishi wa Kifilipino niliyemkuta ana sharti hili: siki ikishaingia, usikoroge wala usifunike mpaka ichemke vizuri, dakika 3 au 4. Ukali ule wa kupanda puani hutoka na mvuke, na hubaki uchachu mtulivu unaokata mafuta. Sufuria ikifunikwa, mvuke hurudi chini na ukali wote unabaki humo. Inamisha uso juu ya sufuria unuse. Ukikohoa, bado.

Ikishatulia, tia ile supu ya kikombe kimoja na nusu, sukari na pilipili manga. Sukari haiji kuufanya mchuzi uwe mtamu. Kazi yake ni kuiviringa chumvi isichome ulimi. Punguza moto, acha wazi kidogo, dakika 20 hadi 25. Dakika tano za mwisho weka pilipili ndefu za kijani nzima nzima, pamoja na pilipili kichaa zilizopasuliwa kwa wapendao. Mchuzi wa binagoongan haumwagiki. Unaigandia nyama, na mafuta mekundu yanatokeza pembezoni.

Sasa onja, ukiwa na wali kidogo kijikoni. Ukionja mchuzi peke yake utadhani umezidisha chumvi, kwa kuwa chakula hiki kimetungwa kuliwa na wali mweupe usiotiwa chumvi.

Mabiringanya

Wakati nyama inatokota, kata mabiringanya mshazari, unene wa sentimita 2, uyakaange kwenye mafuta ya moto mpaka yawe kahawia nje na laini ndani. Usiyatie chumvi. Yaweke juu ya nyama wakati wa kupakua, usiyapike ndani yatavurugika. Si kila nyumba huyaweka, ila mimi siachi, kwa sababu yanafyonza mafuta na uduvi, na kipande kimoja chake na wali nusu sahani kinatosha mtu ashibe.

Pembeni weka embe bichi lililokatwa vijiti. Huko Ufilipino embe bichi na bagoong huuzwa barabarani, kama sisi tunavyolila kwa chumvi na pilipili, na uchachu wake ndio mwenzi halisi wa nyama hii yenye mafuta.

Kwa tui, mtindo wa Bicol

Kusini-mashariki mwa kisiwa cha Luzon kuna Bicol, nchi ya minazi na pilipili. Wao badala ya supu hutia tui jepesi vikombe viwili, hupika dakika 20, kisha tui zito kikombe kimoja na pilipili za kutosha kutoa jasho. Pishi lao linalojulikana zaidi, Bicol Express, lina jina la treni ya Manila hadi Bicol, na ni ndugu wa karibu wa hili: nguruwe, uduvi, tui na pilipili nyingi.

Mpishi wa pwani atapata shida hapo, nami niliipata. Sisi tumefundishwa kukoroga tui lisikatike. Wao wanalitaka likatike. Wanalipika mpaka mafuta yajitenge na chembe za nazi ziishikilie nyama. Basi acha mkono utulie, uliache likauke. Siki katika mtindo huu ipunguze iwe kijiko kimoja, au uiache kabisa.

Asiyekula nguruwe

Waislamu wa Mindanao na visiwa vya Sulu hawali nguruwe, na uduvi wao uko pale pale. Kuku anafaa: kata vipande, usimchemshe kwanza, mkaange kwa vijiko vinne vya mafuta mpaka apate rangi, kisha fuata hatua kuanzia kuunga, na dakika 30 za mwisho zinatosha. Ng'ombe, chukua nyama ya kidari, ichemshe saa moja na nusu kabla ya kukaanga. Mwenye mzio wa kamba asiguse chakula hiki kwa namna yoyote, na mwenye presha ale kidogo, mabiringanya yakiwa mengi kuliko mchuzi.

Likikushinda kidogo

Chumvi ikizidi, usiongeze maji matupu, mchuzi utapooza na chumvi ibaki. Kaanga nyanya mbili pembeni zisagike, uzichanganye, au tia nusu kikombe cha tui zito. Uchachu ukizidi, siki haikuchemka ya kutosha: ondoa mfuniko, dakika tano zaidi, na sukari nusu kijiko. Mafuta yakiwa mengi, yachote kwa upawa kabla ya kupakua.

Acha sufuria itulie dakika 10 kabla ya kula. Kwenye friji itakaa siku 3 hadi 4, na siku ya pili huwa tamu zaidi, maana uduvi umeshaingia ndani ya nyama. Asubuhi chukua wali uliolala, ukaange kwa kitunguu saumu na yale mafuta uliyoyaweka kwenye kopo, pasha vipande vichache vya nyama pembeni, weka yai la macho juu. Wali huo wanauita sinangag, na melini ulikuwa ukiisha kabla ya zamu ya saa mbili kuingia.